Hodi ya Alfajiri kwa Wilondja

Miaka kumi na moja nimeishi fleti moja na François Wilondja, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumsikia akilitaja jina lake lote. Wateja walimwita Frans, kama Kaburu mwenye shamba, naye akaitika bila kinyongo. Mimi nilimwita Papa Carmel, kwa jina la binti yake wa pekee, kama Wakongo wanavyoitana. Fleti iko ghorofa ya nne, Joubert Park. Yeye na mkewe Marthe wana chumba kikubwa, mimi Najma nina kile cha upande wa barabara, jiko ni letu sote, na ugomvi wa choo pia ni wetu sote.

Mimi ni mtu wa Ujiji, nauza mitandio Fordsburg. Yeye ni wa Lweba, ng'ambo ya ziwa letu, kwa hiyo tuliumwa na mbu wa maji yaleyale. Ni fundi cherehani. Ukitaka kujua Johannesburg ni mji wa watu gani, ungetazama meza yake siku ya Alhamisi: kanzu za maduka ya Fordsburg, majoho meupe ya waumini wa kanisa la Zayoni, sketi za Kizulu za maharusi, sare za shule, na vitenge vya kwaya ya Waburundi wanaosali ghorofa ya chini. Alijua kila watu wanataka pindo lao likae wapi. Mwenyewe alivaa kijivu kuanzia Jumatatu hadi Jumapili, na simu ikilia barabarani hakuipokea, asije mpita njia akamsikia anasema Kiswahili.

Nilimtania sana kwa hilo, mpaka Marthe aliponikalisha jikoni akanihadithia. Mwaka 2008 walikuwa wanaishi Alexandra, Carmel akiwa na miaka sita. Watu waliokuwa wakiwafukuza wageni walikuja kwa kundi na fimbo, wakasimama nje ya kibanda chao wakipiga kelele. Katikati ya kelele hizo mtu mmoja akaita, "Wilondja, toka." Alikuwa mtu ambaye François aliwahi kumshonea suruali. François na familia yake walitorokea nyuma, wakaacha kila kitu walichokuwa nacho, na toka siku hiyo jina hilo François akalifungia ndani. Baada ya kusikia hayo niliacha kumtania, au niseme nilipunguza.

Sasa Carmel ana miaka ishirini na mitatu, anafanya kazi duka la dawa, Kiswahili anakisikia lakini anakujibu kwa Kiingereza au Kizulu. Akapendwa na kijana anaitwa Mthobisi Ntombela, ambaye kwao ni Nongoma, Wazulu wa asili kabisa. Barua ya posa ikaletwa, imeandikwa vizuri, inasema wazee wa Ntombela watakuja Jumamosi ya tarehe kumi na sita Agosti. François alikaa nayo wiki mbili mfukoni. François hakuwa na tatizo na kijana mwenyewe. Alikuwa akimshonea na mashati. Alichokiogopa ni wale walio nyuma ya kijana. Alikubali mwishowe kwa sababu Marthe aliacha kuzungumza naye, ila aliweka sharti mbele yetu sote: wakija na dharau hata ya neno moja, anafunga mlango na habari ya ndoa imekwisha. Carmel alimjua baba yake. Ijumaa alikwenda kulala kwa mama yake mdogo Yeoville, maana bibi harusi hatakiwi kuonekana, na alitoka macho yamemvimba.

Barua ilitaja siku, haikutaja saa. Sisi hatukujiuliza. Kwetu na kwao ng'ambo ya ziwa, wageni wa posa huja baada ya chakula cha mchana, wamevaa suti, wanakaa. Tukapanga saa nane. Marthe alitwanga sombe, kisamvu chao, kutwa nzima ya Ijumaa, na viti tungeazima kwa wanakwaya adhuhuri.

Jumamosi nilikuwa ndiyo kwanza nimetoa salamu ya alfajiri, sijakunja hata mswala, nikasikia ukelele barabarani. Nikachungulia. Kwenye geti la jengo letu walisimama wanaume wanne wenye makoti mazito, nyuso wamezielekeza juu kwetu, na kila mmoja ana fimbo mkononi. Mzee mwenye kofia ndiye aliyekuwa anapaza sauti, wenzake wanaitikia. Ilikuwa Kizulu, tena cha ndani, sikushika kitu.

Nilipogeuka, François alikuwa mlangoni pangu, miguu mitupu, shati limefungwa vifungo kombo.

"Mama Najma, zima taa," akaninong'oneza. "Bamekuya tena."

Nikazima. Sitajifanya shujaa hapa. Pasipoti niliisokomeza kifuani kabla hata sijavaa viatu. Yeye alisukuma cherehani mpaka kwenye mlango wa fleti, akaegemeza na meza juu yake. Marthe alikaa sakafuni chini ya dirisha, magoti kifuani, na nikaelewa kwamba hivyo ndivyo alivyokaa Alexandra. François alikuwa anapanga kwa sauti ya chini: tutashuka ngazi za nyuma, tutapitia kwenye mapipa ya taka, tutampigia Carmel asirudi nyumbani, na harusi ndiyo basi. Hilo la mwisho alilisema mara mbili.

Kisha yule mzee wa chini akaita, "Wilondja."

Nilimwona François akiziba masikio kwa viganja vyote viwili, mtu mzima wa miaka hamsini na minne. Jina bananijua, alikuwa anasema, jina bananijua. Aliinama kuchukua mfuko wa vyeti vyao uliokuwa tayari chini ya kitanda, na mfuko ukamponyoka.

Mzee akaendelea. "Wilondja wa Etabo. Etabo wa Mlondani." Wenzake wakaitikia kila jina. Halafu akaacha Kizulu, akasema polepole, kwa Kiswahili cha mtu aliyekikariri bila kukijua, kila neno limekalishwa mahali pake kwa taabu: "Mlondani wa Lweba. Aliyelisha watu mwaka wa nzige."

Nimekaa mji huu tangu nikiwa msichana, nimeitwa majina mengi barabarani na hakuna hata moja alilonipa baba yangu. Sasa Mzulu mzee amesimama kwenye baridi ya Agosti, chini ya jengo lenye mabomba yanayovuja, anamtaja kwa heshima mtu aliyekufa ukingoni mwa Tanganyika kabla sisi sote hatujazaliwa.

Marthe ndiye aliyeinuka kwanza. Alimshika mumewe mikono, akaitoa masikioni.

"François, sikia," akamwambia. "Batu ba kuua habajue nkambo yako."

François akasimama palepale katikati ya chumba, mfuko wa vyeti miguuni. Kweli, muuaji hana haja ya kumjua babu yako. Mzee akarudia toka mwanzo, Wilondja, Etabo, Mlondani, mwaka wa nzige, na safari hii François alisikiliza hadi mwisho huku machozi yanamtoka waziwazi, hayafuti.

Mengine niliyajua baadaye, aliponieleza MaNdwandwe wa ghorofa ya tatu, akinicheka kwa ujinga wangu. Wale walikuwa washenga. Kwa Wazulu mshenga huja jua halijachomoza, husimama getini na fimbo yake, na hapigi hodi ya mkono. Hodi yake ni kuutaja ukoo wa binti, na hakanyagi ndani mpaka nyumba imkubali. Mzee Ntombela, yule mwenye kofia, alikuwa amemuuliza Carmel sifa za ukoo wao, na Carmel hakuwa na hata moja, maana nyumbani hakuna aliyewahi kumwambia. Ndipo mtoto huyu, ambaye mimi nikimwambia lete chumvi ananijibu kwa Kiingereza, akaanza kumtumia shangazi wa baba yake, aliye mji wa Baraka karibu na Lweba, ujumbe wa sauti kwa Kiswahili cha kuokoteza, usiku baada ya usiku, mpaka bibi akamtajia. Mzee Ntombela alikariri wiki tatu. Mthobisi anasema alikuwa anawakariria hata ng'ombe.

Kila Septemba, siku ya urithi wa utamaduni, bosi wangu Fordsburg anatutaka tuje na nguo za kwetu. Tunapigwa picha, wateja wanaonja sambusa, wanasema tamaduni zetu ni nzuri mno, na kesho yake mimi ni mgeni tena. Nilikuwa nimeamua kwamba hayo ndiyo yote yanayowezekana, na nilikuwa nimekasirika kwa miaka mingi bila kujua. Asubuhi ile nilimwona mtu aliyeishika njia yake mwenyewe vilevile ilivyo, hodi yake ya Kizulu, geti, fimbo na alfajiri, na ndani yake akaweka majina yetu yote. Sikujua kwamba watu wanaweza kufanyiana hivyo. Bado nikikumbuka nashikwa na bumbuwazi.

Mzee akafika tena mwisho wa orodha. Alikuwa hana jina lingine. Madirisha ya chini yalikuwa yameanza kufunguka, na watu waliokuwa wanasubiri teksi kwenye robot, yaani taa za barabarani, walikuwa wamegeuka kutazama. Nyumba ilitakiwa kujibu, na haikujibu. Nikamwona mzee akitazamana na wenzake, kisha akavua kofia na kusubiri, upara wake wazi kwenye baridi.

François alikuja kwenye dirisha langu, akahangaika na komeo, akalifungua lote.

"Haiishii hapo," akasema. "Mlondani alizaliwa na Lubunga."

"Lubunga," mzee akarudia kutoka chini, na wale watatu wakaitikia, Lubunga.

"Lubunga alizaliwa na Asukulu. Asukulu alizaliwa na Byaombe."

Waliyapokea moja baada ya jingine. Kufika jina la saba François alikuwa hasemi tena, alikuwa anaita, ameshika kizingiti kwa mikono miwili na shati lake lililofungwa kombo linapepea. Sikujua kwamba anawajua wote wale. Marthe, aliyeishi naye miaka ishirini na mitano, alinitazama, naye hakujua. Chini, MaNdwandwe alipiga vigelegele, na mimi nikajibu kabla sijafikiri.

Majina yalipomalizika François alivuta pumzi. Barabara nzima ilikuwa inamtazama, na yeye akaitazama. Marthe alikuwa ameanza kuburuta cherehani atoe mlangoni. Ndipo mumewe akasema kwa Kizulu, kwa sauti ya kufika mpaka kwenye robot, ili pasiwe na hata mmoja wa kusema hakusikia:

"Mimi ni Wilondja. Naishi hapa. Pandeni."