Uzi ya Tasbihi

Ukumbi wa vidio wa Kaloleni ulinuka dizeli ya jenereta, omena, na jasho ya watu mia wamekalia benchi ya watu ishirini. Joto yake ingeivisha samaki mbuta mzima na kichwa. Filamu zilikuwa za Kihindi, na Kihindi hakuna mtu alijua, kwa hivyo tulisoma ishara. Mama akitandika kitambaa ya kijani juu ya kaburi ya mtakatifu, afungue viganja mbele ya uso, upepo uje, moto ya taa ilale, basi mgonjwa ataamka hata kama ashawekwa pamba puani. Lakini uzi ya tasbihi ikikatika, shanga zitawanyike sakafuni, ukumbi wote unashika kichwa. Huyo amekwenda. Sisi tulikuwa watoto wa kanisa, lakini hizo alama za Waislamu tulizijua kuliko katekisimu.

Msimu wa mvua kubwa, malaria ikashika dadangu mdogo, Achieng'. Alichomeka mpaka nikamwambia tukiweka sufuria ya uji kwa tumbo yake itachemka. Akacheka kidogo, na hakucheka tena. Hospitali walimrudisha na vidonge, akavitapika. Baba alikuwa amekwama Ahero, mafuriko imekata barabara. Mama alikuwa ameomba mpaka sauti imeisha. Nikakimbia kwa jirani yetu, Mama Zuhura, kumwomba kitambaa ya kijani.

"Ya nini, nyathina, mtoto wangu?"

"Ya kufunika Achieng'. Aamke."

Hakunicheka, na huyo mama alikuwa anacheka hata matangani. "Kitambaa haiponyi mtu," akasema. "Mimi niko na dua, basi, na jibu si yangu."

Akaja na tasbihi yake, akakaa kando ya mkeka, akafungua viganja. Mama akamwangalia, naye akafungua zake. Mimi nilikuwa naangalia uzi tu. Ilikuwa kuukuu, imechakaa karibu na fundo. Alipomaliza nikamwomba anishikishe, nikaikumbatia na mikono zote mbili, hata nzi ikitembea kwa mdomo yangu sikuifukuza. Hakuna shanga hata moja ilianguka. Achieng' akaenda jioni, mimi bado nimeshika, uzi mzima.

Siku hizi runinga iko hapa sebuleni, na Kihindi imetafsiriwa. Wajukuu wangu wanaelewa kila neno, na wananilaumu naharibu sinema, maana natangaza nani atakufa kabla hajakohoa. Tunacheka mpaka mbavu inauma. Halafu tasbihi inatokea kwa kioo, na yule mdogo ananiuliza mimi nyanya yake, "Dani, mbona umefunga ngumi?"