Mama Amepewa Sehemu ya Mchawi

Wenzangu tuliosoma shule za msingi za Ufipa wakati sanaa ilikuwa ni Ijumaa baada ya vipindi, hamjasahau baridi ya mwezi wa sita ilivyotuchapa miguuni huku tunaghani ngonjera. Sweta lilikuwa moja tu, la shule, la kanisani na la kuchungia mbuzi. Jukwaa ni uwanja wa mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu, pazia ni mashuka mawili ya mwalimu wa darasa la tatu. Ukipewa sehemu ya mzee unajipaka majivu kichwani, basi, umezeeka. Ukisahau maneno, mwenzako anakukanyaga kidole ukumbuke. Jioni tunarudi kijijini kwetu Kasense mbio, njaa imetushika, tunakuta ugali wa ulezi na maharage vimefunikwa jikoni, na baba kakaa mlangoni anauliza, "Hayo maigizo ndiyo yatakayopalilia shamba?"

Chuo kikuu kwetu kilikuwa kitu cha Dar es Salaam, cha kusikia redioni. Leo kampasi iko hapa hapa Sumbawanga mjini, na binti yangu Anitha anasoma mwaka wa pili. Wana klabu ya filamu, wanaazimwa kamera, Jumamosi anakuja mtaalamu kuwafundisha. Siwabezi, ila watoto hawa wanahitaji watu wanne ili kumpiga picha mmoja anayekunywa chai, na akimaliza kikombe wanasema, "Turudie." Sisi zawadi yetu ilikuwa penseli. Wao, atakayetengeneza filamu bora anapelekwa Dar likizo nzima kujifunza uhariri. Nafasi ni moja, na Anitha aliitaka mpaka akakonda.

Basi siku moja niko kwenye cherehani yangu sokoni, simu ikalia, picha imeingia. Kuifungua, moyo ukanilipuka paa! Mama yangu mzazi, Bibi Skola wa Pito, kafungwa kaniki nyeusi, uso mweupe kwa unga, kashika ungo juu ya kichwa, karuka miguu yote iko hewani. Chini Anitha kaandika: "Bibi ndiye nyota wetu. Anacheza mchawi."

Jamani! Mnajua tunavyotaniwa sisi. Ukisema tu ugenini kwamba umetoka Sumbawanga, mtu anahamisha begi lake huku anacheka, anakuomba usimtumie radi. Tunacheka naye, tumezoea. Lakini utani wa ugenini ni kitu kimoja. Mjane mzee anayeishi peke yake Pito kuitwa mchawi na majirani zake ni kitu kingine kabisa, na mimi nililijua hilo tangu darasa la tano.

Mwaka ule igizo letu la kufunga shule lilikuwa na mchawi. Mwanafunzi aliyemcheza, bila nia mbaya, alichechemea na kufunga kilemba cha manjano. Sasa mama mkubwa Gaudensia, dada yake mama, alikuwa anachechemea, na kilemba chake cha manjano Kasense nzima ilikijua. Uwanja mzima uligeuka kumtazama, watu wakavunjika mbavu. Naye alicheka. Baada ya hapo watoto wakawa wakimwona wanakatia njia nyingine. Kwenye ubatizo mmoja alinyoosha mikono kumpokea kichanga, mama wa mtoto akageukia upande wa pili kama hakuona. Nilikuwa nimesimama pale na sahani ya wali, nikashindwa kula. Babu, baba yake mzazi, alikwenda kwa mwalimu mkuu, na Jumapili baada ya misa mwalimu mkuu alisimama nje ya kanisa akaeleza kuwa ule ulikuwa mchezo tu. Haikumaliza yote, lakini wengi waliona haya.

Ndiyo maana nilimpigia Anitha pale pale.

"Mama, mbona unajipa presha? Ni sanaa tu."

"Sanaa umfanyie bibi yako?"

"Hujaiona filamu yenyewe, Mama. Subiri uione."

Nikapanda bodaboda hadi Pito. Nilimkuta mama anaanika ulezi, mzima, na furaha kamjaa usoni.

"Shikamoo, Mama. Hivi umekubali wakuvalishe yale mavazi?"

"Marahaba. Nimekubali, na kuruka ni mimi niliyesema. Wao walitaka nitembee tu. Kwani nimekufa miguu?"

"Mama, umemsahau dada yako?"

Akaendelea kusambaza ulezi kwa kiganja. "Sijamsahau. Lakini mtoto akiikosa nafasi yake kwa ajili ya hofu yako na yangu, tutamwambia nini?" Nikainama nikamsaidia kuanika.

Siku ya kuonyesha filamu tulikaa mstari wa mbele ukumbini, mama na kitenge chake cha Pasaka. Kumbe hadithi ni ya mwanafunzi mgeni aliyepanga chumba kwa bibi. Kaja kajazwa maneno ya uchawi. Alfajiri anachungulia dirishani, anaona kaniki, uso mweupe na ungo unaruka, anatoka nduki bila viatu. Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Kisha kamera inazunguka: ni bibi anapepeta mahindi, unga wa kusaga umemrukia usoni, kajigonga kidole kwenye jiwe ndiyo maana karuka, na uji anaoupika ni wa mgeni wake. Mwisho mgeni anarudi, anakunywa uji, ana aibu. Wanafunzi walisimama wakapiga makofi, wakapanga foleni kupiga picha na mama. Anitha akapewa nafasi. Nililia pale pale, hofu yote ikanitoka.

Hofu haikukaa mbali. Baada ya siku chache mteja akanionyesha simu yake, anacheka: "Mama Anitha, umeona hiki kichekesho?" Alikuwa mama yangu, kaniki, unga, ungo, karuka. Basi. Hakuna jiwe, hakuna uji, hakuna mgeni anayerudi. Mtu alikata kile kipande peke yake, akaandika juu yake "Sumbawanga alfajiri", nacho kikawa kinazunguka. Nilimuuliza kakipata wapi. Alisema kwenye kundi. Hilo kundi lilikipata wapi? Kundi lingine.

Alhamisi ile jumuiya ya majirani zake wa kanisani ilisali nyumbani kwa mama. Nilikwenda kumsaidia, sikulala vizuri nikiwaza kama watakuja. Walikuja wote, nikamshukuru Mungu. Tulisali rozari, tukaimba, mama akaleta togwa, uji wa kimea usiolevya. Kwenye pombe, mwenye nyumba kuonja kwanza ni kawaida, kuonyesha haina sumu. Kwenye togwa ya jumuiya, kwa mama yangu, sijawahi kusikia mtu akidai hilo. Jirani mmoja, mama Deo, alipokea kikombe, akakishika, akasema huku anacheka, "Bibi Skola, leo onja wewe kwanza." Watu wakacheka. Mama akacheka pia, akachota, akanywa mbele yao, akafuta mdomo kwa upande wa kanga. Ndipo mama Deo akanywa.

Huenda ulikuwa utani. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Nataka kusema enzi zetu zilikuwa afadhali, kisha namkumbuka mama mkubwa, naacha. Lakini babu alijua mlango wa kubisha hodi, na mwalimu mkuu alijua mahali pa kusimama watu wote wamsikie. Mimi nibishe kwenye simu ya nani? Anitha yuko Dar anajifunza kazi aliyoipenda, jana kanipigia sauti yake imejaa raha, anauliza, "Bibi hajambo?" Nikamwambia hajambo. Jumuiya ikirudi kwa mama nitawahi, nitakaa jirani na ndoo ya togwa, na kikombe cha kwanza nitakunywa mimi, kabla hajatokea mtu wa kusema neno.