Mama Alipoanza Kutuona

Mama alipofunguliwa bandeji, alinitazama kwa muda, akanishika shavu, akasema, "Alhamdulillahi. Kumbe umezeeka hivi, mwanangu?"

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza. Daktari aliyesimama pembeni na tochi yake akainama, akajifanya anaandika kitu. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, hata leso nilikuwa nayo mkononi. Nikaitia mfukoni.

Kwa zaidi ya miaka mitatu mama alikuwa akituona kama watu wanaopita nyuma ya chandarua. Mtoto wa jicho alimfunika macho yote mawili, polepole, na kila tulipomwambia habari ya kufanyiwa upasuaji alikataa. Alisema sisi sote anatujua kwa sauti, na njia za Gando, kijijini kwake, anazijua kwa mguu. Aliyekuja kumbadilisha fikira ni shehe wa msikiti wao, bila yeye shehe mwenyewe kujua. Alikwenda kumjulia hali, mama akamtengenezea chai, na mahali pa sukari akatia chumvi.

"Kainywa yote kwa adabu," mama alitusimulia. "Kisha kaomba maji mara tatu. Basi, nipelekeni huko hospitali."

Akafanyiwa jicho la kulia kwanza. La kushoto likaambiwa lingoje. Kwa kuwa alitakiwa kurudi kuangaliwa mara kwa mara, alikaa kwetu Madungu, mjini Chake, mimi na mume wangu, kwa wiki tatu. Alikatazwa kuinama, kubeba kitu kizito na kukaribia moshi. Mara nne kwa siku ilibidi nimtie dawa ya matone. Sala alisali akiwa ameketi kitini, jambo lililomuudhi sana. "Nasali kama nimo kwenye kikao cha serikali," alilalamika.

Nilitegemea kwamba mtu aliyerudishiwa macho atakaa kimya na kustaajabu. Mama alistaajabu kweli, lakini kimya hakukaa. Asubuhi ya kwanza alizunguka nyumba yangu, mikono mgongoni, miwani myeusi aliyopewa hospitali ameipandisha kwenye paji la uso.

"Namshukuru Mungu," akasema, "nimeona utando wa buibui pale juu ya kabati. Mzuri kweli. Wa siku nyingi."

Mume wangu, aliyekuwa akinywa chai, akacheka.

"Usicheke, baba," mama akamwambia. "Na nywele zako nimeziona. Yaani, nimeona zilipokuwa."

Mume wangu akajipapasa kichwa, akaendelea na chai yake. Mimi nikaenda kutafuta ufagio.

Siku ya tatu, baada ya sala ya alasiri, tulikuwa tumekaa kwenye baraza ya nyuma, ndipo mama alipotoa sharti lake. Alisema kila siku, wakati kama ule, kila aliyemo nyumbani atamwambia kitu kimoja alichokiona siku hiyo cha kumshukuru Mungu. Akamwelekezea kidole mume wangu aanze.

"Namshukuru Mungu kwa uzima na afya," akasema mume wangu.

"Hiyo umeisikia kwenye hutuba. Mie nakuuliza umeona nini."

"Leo? Leo sijaona kitu, mama. Nilikuwa kazini."

"Una macho mawili, mie n'na moja, na tangu asubuhi nimeona vitu kumi." Akavihesabu kwa vidole. Mvuke wa chila zangu, ile mikate myembamba ya mchele, ulivyopanda ukajikunja. Paka aliyepita ukutani akarudi kinyumenyume. Soksi za wanafunzi waliopita njiani, nyeupe kwa wengine na kwa wengine si nyeupe. Papai nililolikata mchana. "Nilikuwa nimesahau kwamba mbegu za papai zang'aa," alisema. "Miaka yote hii nazitema tu."

Nitasema kweli: mwanzoni niliona ni mzigo. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, na kwa siku nzima ni mimi ninayewauliza watu maswali. Kurudi nyumbani nami niulizwe, tena nikikosea nirudishwe nyuma, halikuwa jambo nililoliombea dua. Siku ya kwanza nilisema nimeona watoto wanasoma kwa bidii. Mama akaguna. "Hilo umelitamani," alisema. "Hujaliona."

Lakini kufika mwisho wa wiki nilijikuta nimesimama dirishani wakati wa mapumziko, chaki mkononi, natafuta. Siku moja niliona mvua inakuja kutoka upande wa vyoo, ikafika katikati ya uwanja, ikasimama. Nusu ya uwanja ililowa, nusu ikabaki na vumbi lake, na watoto wakawa wanaruka kutoka upande huu kwenda ule, mvuani na ukavuni, wanapiga kelele. Nilitamani alasiri ifike upesi. Nilipomsimulia mama, alitikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeonjeshwa mchuzi ukamkubali.

Mume wangu naye akaanza kuingia mchezoni, ingawa hakukiri. Alirudi akatwambia kamwona mtu kabeba godoro kwenye pikipiki, godoro limemwangukia kichwani, njia haioni, na watu wote wampisha kwa heshima kama msafara wa waziri. Mama alicheka mpaka nikaingiwa na hofu ya lile jicho.

"Hiyo ya kumshukuru Mungu vipi?" nikauliza, maana wivu ulishanishika.

"Hakugonga mtu," akajibu mume wangu.

Sasa lazima nimtaje mdogo wangu, na hapa ndipo sipendezi. Tumezaliwa wawili tu, sote wanawake. Yeye kaolewa Wete, anakaa mtaa wa Jadida. Wakati huo tulikuwa na miezi minane hatusemi. Sababu ilikuwa pilau. Katika harusi ya binti yake nilipewa kazi ya kuonja kabla ya kupakua, nikaonja, nikasema kwa sauti yangu ya darasani, "Huu mchele bado una kiini." Wanawake wa upande wa bwana harusi walikuwa mlangoni. Wakasikia, wakatazamana, mmoja akacheka. Kuanzia hapo mdogo wangu hakunipigia simu. Nami, kwa kuwa ni mkubwa, nikaona ni haki yangu kungoja.

Mbele ya mama tulikuwa tukijifanya. Tulipokutana Gando, sauti zetu zilikuwa halua tupu. "Shikamoo, dada yangu." "Marahaba, mdogo wangu, watoto hawajambo?" Huku yeye anatazama dari, mimi natazama mkeka. Mama, aliyekuwa haoni, alikuwa akifurahi na kusema, alhamdulillahi, wanangu wapendana. Kila aliposema hivyo nilihisi kitu kinanichoma hapa kifuani, lakini hakikunichoma kiasi cha kunifanya niseme.

Jumamosi ya wiki ya pili mdogo wangu alikuja kutoka Wete kumwangalia mama. Aliingia na kikapu cha shelisheli, akavua viatu, akaiweka sauti yake sawa.

"Shikamoo, dada yangu."

"Marahaba, mdogo wangu. Pole na safari."

Alitazama dari. Nikatazama mkeka. Sote wawili tulikuwa tumesahau kabisa kilichompeleka mama hospitali.

Mama akavua miwani yake myeusi. "Rudieni," akasema.

"Turudie nini, mama?" akauliza mdogo wangu.

"Hivyo mlivyoamkiana. Rudieni, niwatazame."

Tukarudia. Ikawa mbaya kuliko mwanzo, maana sasa hatukujua macho tuyaweke wapi.

"Tangu lini?" mama akauliza.

"Tangu lini nini?" nikasema.

"Tangu lini mwaamkiana na ukuta?"

Mume wangu hapo hapo akakumbuka ana shughuli mjini, akachukua kofia yake.

Nilikuwa tayari kuulizwa sababu. Kesi yangu nilikuwa nimeipanga kwa miezi minane, ina mwanzo, kati na mwisho, na mashahidi. Mama hakuuliza. Alisema tu kwamba baada ya alasiri, siku hiyo, kila mmoja wetu atamshukuru Mungu kwa kitu alichokiona kwa mwenziwe. "Na mseme mlichokiona kwa macho. Maneno ya kadi ya harusi siyataki."

Hakuna adhabu kama kulazimishwa kumtazama mtu uliyemkasirikia. Mchana kutwa tulipishana jikoni, yeye anamenya shelisheli, mimi nakuna nazi, kila mmoja anamchungulia mwenziwe kwa pembe ya jicho. Niliona kwamba kakonda kidogo usoni. Niliona ana kovu jipya la kuungua karibu na kifundo cha mkono, na sikujua aliungua lini, na hilo la kutojua lilinikaa vibaya. Kisha nikaona kitu kingine. Alipokuwa amesimama anangoja maji yachemke, alikanyaga mguu wa kushoto kwa mguu wa kulia. Tulipokuwa wadogo alikuwa akisimama hivyo hivyo mlangoni mwa jiko la mama, anangoja chakula.

Alasiri ikafika. Mama alianza na mimi.

"Nimeona," nikasema, na sauti ya darasani haikutoka, "nimeona bado anakanyaga mguu kwa mguu akiwa na njaa."

Mdogo wangu akatazama miguu yake. Ilikuwa imekanyagana. Akaiachanisha.

"Na wewe?" mama akamuuliza.

"Nimeona dada kanenepa. Alhamdulillahi, hana shida."

"Hiyo si shukrani, hicho ni kisasi. Rudia."

Akanitazama, safari hii kweli, kutoka kichwani kushuka. "Nimeona," akasema, "kavaa kanga niliyomletea Idi ya mwaka juzi. Sikujua kama bado anaivaa."

Nikajitazama. Kweli, ilikuwa ile. Sikuwa nimeivaa kwa makusudi. Niliichukua kambani asubuhi kwa sababu ndiyo pekee iliyokuwa imekauka. Lakini macho yake yalikuwa yameshalowa, na mimi sikuona haja ya kueleza habari za kamba.

Kisha mdogo wangu akasema taratibu, "Ile pilau kweli ilikuwa na kiini."

"Sikupaswa kuyasema mbele ya wakwe zako," nikasema. "Ningekuita pembeni."

"Ungeniita pembeni ningeirudisha motoni."

"Ndiyo. Nisamehe."

"Ilikuwa na kiini," mama akatia neno. "Mie niliila sioni, lakini meno yangu yaliona."

Hapo mdogo wangu akaangua kicheko, akaniegemea begani, nami nikacheka huku nalia. Mume wangu aliporudi alichungulia kwanza mlangoni, kofia bado mkononi, apate kujua kama ni salama kuingia.

Sitaki kusema kwamba tangu siku ile tumekuwa malaika. Mwezi uliofuata tulikorofishana kuhusu nani atakaa na mama mwezi wa Ramadhani, na tukakorofishana kwa sauti kubwa, kwenye simu. Lakini tulikorofishana kwa kusema, si kwa kunyamaza, na baada ya siku mbili yakaisha.

Wiki ya tatu ilipomalizika, daktari aliridhika, na mume wangu akamrudisha mama Gando kwa gari yake. Tulikwenda sote, na mdogo wangu tulimchukua njiani. Nyumbani kwa mama, mlangoni, alikuwa anatungoja shoga yake wa tangu utotoni. Wamekua pamoja, wameozwa mwaka mmoja, na miaka yote ile ya ukungu ndiye aliyekuwa akija kila asubuhi kumsomea mama rangi za mbingu na habari za watu. Mama alishuka garini, akavua miwani yake, akamtazama.

"Usianze," shoga yake akamuwahi. "Habari zako za Chake zimenifika. Nimezeeka, najua, kioo n'nacho."

"Sijasema kitu."

"Ulitaka kusema."

"Nilitaka kusema kwamba kwa sauti nilidhani una meno yote."

Walicheka, wakashikana mikono, wakacheka tena. Kisha mama akanyoosha mkono, akamrekebisha mwenziwe ushungi uliokuwa umeteleza, akauweka vizuri, na hakusema neno lolote la mzaha. Nilimwona anamtazama usoni polepole, paji, macho, kidevu. Sikupata kumwona akimtazama mtu yeyote hivyo, hata mimi.

Jicho la kushoto bado halijafanyiwa. Tukimkumbusha anajibu kwamba hili moja linamtosha kuona makosa yetu, na la pili litampa kazi nyingi. Tunaendelea kumwomba.

Ule mtindo wake haukuisha. Baada ya alasiri anapiga simu, mimi namuunganisha na mdogo wangu, tunakuwa watatu. Juzi nilirudi kutoka skuli kichwa kinaniuma, nimegombana na mwalimu mwenzangu, na simu ilipolia sikuwa na hamu ya kitu.

"Leo sijaona kitu, mama," nikasema.

"Basi toka nje. Simu usiikate."

Nikatoka, nikasimama kwenye ngazi. Nilimsikia mdogo wangu kule Jadida anatafuna, na mama kule Gando anangoja. Nikatazama uwanjani.

"Mbuzi wa jirani kapanda juu ya boneti ya gari," nikasema. "Kasimama tu, kama yeye ndiye mwenye gari."

"Wa rangi gani?" akauliza mama.