Nilivyoharibu Jina la Treni za Boksi la Manjano

Wewe unayesoma hapo, sogea karibu kidogo, maana hili siwezi kulisema kwa sauti. Nimekosa! Nimemharibia rafiki yangu biashara, na nimeiharibia jina kampuni ya ng'ambo ambayo hata haijui kwamba Kedowa kuna mtu kama mimi.

Jina langu sitalitaja, na majina ya wengine nimeyabadilisha. Ukifika hapa kwetu ukauliza ni nani hueleza watu mambo, utaletwa moja kwa moja hadi mlangoni kwangu. Kwa hivyo tafadhali usiulize.

Simu ya mtu ikikwama, ananiletea. Mashine ya kukatia ng'ombe nyasi ikigoma, naitwa. Na mimi napenda kueleza, polepole, bila kumcheka mtu, mpaka aelewe. Sikujua hata hiyo inaweza kuwa dhambi!

Rafiki yangu, nimwite Ouma, ana duka hapa senta. Wazazi wake walitoka upande wa ziwa wakaja kuchuma majani chai, yeye akazaliwa huku huku, na Kikipsigis, lugha ya huku, anakiongea kuliko mimi. Kanisani sote wawili ni besi. Tumeimba bega kwa bega tangu tukiwa vijana.

Karibu na Krismasi alitaka kuleta treni za kuchezea, zile ndogo za umeme zinazozunguka kwenye reli ya duara. Zinakuja kwenye boksi la manjano. Ni za bei ya chini, na huko mtandaoni wanazitukana sana. Ouma akaniuliza, "Omera, ndugu yangu, wewe unajua vitu. Nilete ama niache? Nikikosea hapa, Januari sina duka."

Nikamwambia alete. Hata ya kwanza niliinunua mimi mwenyewe. Nilisema ni ya wajukuu. Sina wajukuu.

Basi ikawa kila anayenunua, namsimamisha pale barazani nimpe somo. Nilikuwa nasema hivi: kitu chochote kinachozunguka kinahitaji mafuta. Mafuta gani? Yale ya kukamulia ng'ombe! Kwetu mafuta hayo ni ya kila kitu. Ni ya chuchu za ng'ombe, ya midomo iliyopasuka kwa baridi, ya bawaba za mlango, ya mnyororo wa baiskeli. "Paka magurudumu," nikawaambia, "kisha paka reli yote mpaka ing'ae. Usiogope, utaweza."

Waliweza. Walipaka vizuri sana, na treni zikaanza kufa.

Zilikuwa zinakwenda kidogo, zinasita, zinasimama. Ukiisukuma kwa kidole inaruka kidogo, inasimama tena. Hata yangu ilisimama. Nikaiongezea mafuta. Ikakataa kabisa!

Hapa ndipo nilipoharibu mambo. Siku ya soko nilisimama mbele ya duka la Ouma, treni iliyokufa mkononi, nikawaeleza watu kwa nini kampuni hii ni mbovu. Nilieleza mota. Nilieleza plastiki. Watu walijaa, na mimi mtu akinisikiliza siwezi kunyamaza.

"Hii ni takataka imepakwa rangi!" nikasema.

Ouma alikuwa nyuma ya kaunta. "Jamaa yangu," akasema kwa sauti ya chini, "si ungeingia ndani tuongee?"

"Ukweli hausemwi ndani," nikamjibu.

Aibu gani hii! Bado naisikia sauti yangu.

Watu wakaanza kurudisha maboksi. Waliokuwa hawajanunua wakapita mbali. Jumapili nilipofika kanisani, Ouma alikuwa amesimama na akina teno. Ouma hawezi kuimba teno! Alikuwa anafungua mdomo tu, hakuna kitu kinatoka, lakini hakurudi upande wangu.

Baada ya mwaka mpya tukaenda Mulot kwa mama mkwe wangu, ambaye watoto wote humwita Kogo, yaani nyanya. Mke wangu alikuwa amemtumia treni moja ya boksi la manjano, ya watoto wanaoshinda kwake. Naingia sebuleni, nasikia ngrrr, ngrrr. Treni inazunguka! Inapita chini ya kiti changu, inatokea upande wa pili, inazunguka tena!

Sasa elewa jambo moja. Kwetu mkwe na mama mkwe hawazoeani. Huwezi kumfuata jikoni umfundishe kazi. Ndiyo maana katika watu wote waliopata treni hizo, yeye peke yake hakupata somo langu.

Nikamnong'oneza mke wangu, "Mama Chebet, hebu muulize mama anaipaka mafuta gani."

Akamuuliza. Kogo akasimama mlangoni, akaangalia pembeni kwa heshima, akamjibu binti yake, "Mafuta ya nini? Mwambie mzee hiyo si kiwele."

Mke wangu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Kisha akanigeukia. "Ngoja kwanza. Kumbe ni wewe unamaliza mafuta yangu? Na mimi nimekuwa nikimgombeza mchunga ng'ombe!"

Turudi kwenye kosa, nikueleze polepole. Umeme wa treni hii unapita kwenye reli. Magurudumu yanauokota pale yanapogusana na chuma, yanaupeleka kwa mota. Sasa ukipaka reli mafuta mazito, yanashika vumbi, yanakuwa kama ngozi. Gurudumu halifikii chuma. Treni haijafa, ina njaa tu, na aliyeifunga mdomo ni mimi.

Nyumbani nilifuta reli na magurudumu kwa kitambaa na spiriti kidogo. Treni ikaondoka kama haijawahi kuugua. Nilikaa sakafuni nikaitazama, na kila ilipopita niliona uso wa Ouma.

"Nitaenda nimweleze dukani, pole pole, sisi wawili," nikasema.

"Hapana, Baba Chebet," mke wangu akasema. "Ulimtangaza nje. Nenda ukajitangaze nje."

Siku ya soko nikasimama pale pale. Nikaanza kwa sauti ndogo. Ouma akatoka na kreti tupu ya soda, akaiweka miguuni pangu.

"Panda," akasema. "Wa nyuma hawasikii. Siku ile walikusikia."

Nikapanda. Nikasema yote, mafuta, chuchu, kila kitu. Kulikuwa na kicheko! Mama mmoja wa viazi akapaza sauti, "Kwani ulipata lita ngapi?" Tangu siku hiyo hapa senta naitwa Mkamuaji wa Treni, na mpaka mchungaji ameniita hivyo, kwa kusahau, madhabahuni.

Kisha nikaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba na kitambaa changu. Nyingi zilipona. Lakini nyumba moja niliifufua treni mbele ya macho ya mwenyewe, inazunguka hivi, na yule mama akatikisa kichwa. "Hizi za manjano ni mbovu tu," akaniambia. "Wewe mwenyewe ulituelezea vizuri sana."

Nikakunja kitambaa changu, nikaenda nyumba ya pili.

Je, zinastahili sifa yao mbaya? Nitakuwa mkweli, maana sasa naogopa kusema uongo hata kwa kumsifu mtu. Vile vindoano vya kuunganisha mabehewa ni dhaifu, vinakatika. Karatasi ya maelekezo haieleweki. Lakini injini yenyewe ni nzima, na kwa bei ile sijaona nzuri kuliko hiyo. Nusu ya sifa mbaya ni yao. Ile nusu nyingine, hapa Kedowa, ni yangu.

Ouma hakufunga duka, lakini aliponea chupuchupu, na treni hajaleta tena. Amerudi kwenye besi. Anaweka koti lake kwenye kiti kilicho kati yetu. Kila Jumapili naliangalia lile koti, na simwelezi chochote.

Ndugu yangu msomaji, ukinunua treni ya aina hiyo na ikasimama, usimwite mtu, na usilaumu duka. Chomoa umeme, chukua kitambaa kikavu, futa reli yote pole pole, futa na magurudumu, kisha uwashe tena.