Diski Tatu za Evelio Recio

Evelio Recio alikuwa amepiga picha watu wa mji wa Placetas kwa miaka ishirini na sita, na kilichompa jina ni mabinti wanaotimiza miaka kumi na tano. Binti akifika umri huo, ambao kwao una sherehe kubwa, hata nyumba isiyo na tone la mafuta ya kupikia itahangaika kupata gauni la kuazima, na gauni likipatikana, anatafutwa Evelio.

Mwaka wa kisa hiki alikuwa ametimiza hamsini na tisa, na magoti yalikuwa yamemchoka kabla ya mwenyewe kuchoka. Umeme ulikuja saa nne asubuhi na kukatika saa nane mchana, siku ulipoamua kuja. Jumanne moja ulirudi na nguvu za ziada. Balbu ya sebuleni ikapasuka, na kompyuta ya Evelio ikatoa moshi mwembamba, ikanyamaza. Aliifungulia juu ya meza ya kulia. Ubao mkuu ulikuwa umeungua pembeni, mweusi kama sufuria ya kuni. Diski zote tatu zilikuwa nzima.

Ilipita miezi mitatu kabla shemeji yake Noelvis, anayefanya kazi ghalani huko ng'ambo, Curitiba, kumpata msafiri wa kumtuma na ubao mpya, kichakata na kumbukumbu. Ujumbe aliouambatisha ulikuwa mfupi: "Shemeji, diski zimenishinda. Hizo za zamani zifute, uzitumie upya."

Kusema ni rahisi. Diski zenyewe zilikuwa za SSD, zile nyembamba zisizo na sahani inayozunguka ndani, na mbili kati yazo zilikuwa zimejaa pomoni. Ya kwanza ilikuwa na mfumo na programu tu, hiyo haikumuuma. Ya pili, iliyokuwa kubwa kuliko zote, ilibeba picha za wateja za miaka minane. Ya tatu ilikuwa na picha za nyuma zaidi. Bila nafasi hakuna kazi, na dukani diski mpya haikuwepo hata ya kutazama kwa macho.

Alifunga ubao mpya, mashine ikawaka, akakaa na karatasi akaandika majina. Majalada mia mbili na kumi na mawili. Halafu akapanda baiskeli, akaanza kupita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu waje na flashi, wachukue picha zao kabla hajafuta.

Kazi hiyo ilimla wiki mbili. Katika mtaa wa kwanza alibisha milango sita, minne ikafunguliwa na watu asiowajua. Binti wa gauni la buluu yuko Madrid. Mapacha waliopigwa picha na farasi wako Curitiba. Kwenye kona ya kanisa alimkuta mzee mmoja, Leovigildo, akimwagilia maua kwenye kibaraza kisicho chake, shada la funguo likining'inia kiunoni. Alikuwa akitunza nyumba tano.

"Hao wote hawapo, kaka," mzee akamwambia. "Nimebaki mimi na maua yao. Niachie hizo picha kama unataka, nitazifunga hapa pamoja na funguo."

Evelio alicheka kidogo, kwa adabu, akapanda tena baiskeli.

Waliobaki mjini nao hawakuwa na haraka. Mama mmoja alimuuliza picha hizo ataziangalizia wapi, televisheni yake imekufa tangu mwaka juzi. Mwingine alileta flashi iliyooza kwa virusi, ikabidi Evelio aisafishe kwanza, na umeme ukakatika katikati. Mwisho wa wiki ya pili, waliokuja walikuwa arobaini na wanne. Thelathini na mmoja walituma neno kwamba awatunzie, watakuja. Kwa wengine hakupata jibu wala mtu wa kumuuliza.

Kati ya hao thelathini na mmoja alikuwemo Olga Lidia, mwanamke wa shamba lililo kilomita kumi na mbili nje ya mji. Alimtuma muuza maziwa. Binti yake Yaimara yuko Montevideo, ana mimba, na anataka picha zake za miaka kumi na tano. Usafiri haukuwepo, angekuja utakapopatikana. Evelio akamjibu kupitia muuza maziwa huyohuyo kwamba asiwe na wasiwasi, picha zake hazifutwi.

Mkewe Migdalia alikuwa jikoni akichambua mchele. Aliyasikia hayo.

"Wewe si ofisi ya kumbukumbu, Evelio," alisema. "Futa, upumzike. Umekonda kwa ajili ya sura za watu wasiokukumbuka."

Mpango wake ulikuwa huu: ajipatie nafasi kwenye diski ya tatu kwa kuondoa picha za zamani mno, ahamishie humo majalada yale thelathini na moja, kisha azifute kabisa mbili za kwanza, moja kwa mfumo mpya, nyingine kwa kazi. Kabla ya kuanza aliipima afya diski ya tatu kwa programu. Ikamwandikia kwamba uhai uliobaki ni asilimia tisa. Aliitazama ile tisa kwa muda. Diski nyingine hana, umeme umebaki saa moja na nusu, na mgongo ulikuwa ukimuuma tangu asubuhi. Akanakili. Alipomaliza alifungua picha tatu nne, zikafunguka vizuri, akaridhika.

Ya kwanza ilifutika bila ubishi. Ile kubwa iligoma. Ilimjibu kwamba imejifunga, haipokei amri, na ilimbidi achomoe waya wake wa umeme mashine ikiwa inawaka, kisha auchomeke tena, ndipo ikakubali. Akabonyeza. Alikuwa ameteleka kahawa jikoni, na kahawa haijachemka kazi ilikuwa imekwisha. Miaka minane kwa dakika mbili. Zile diski za sahani za zamani fundi mjuzi aliweza kuzikwangua akapata chochote. Hizi zikifutwa kwa amri ile, basi. Evelio alilijua hilo. Alikunywa kahawa yake amesimama, maana kuketi kungemtaka asimame tena.

Siku mbili baadaye, mfumo mpya ukiwa umeshakaa na mashine ikienda kama maji, aliichomeka diski ya tatu. Haikuonekana. Alibadili waya, akabadili tundu, akaizima mashine na kuiwasha. Hakuna. Alijaribu kila umeme ulipokuja kwa siku nne, halafu akaiweka juu ya meza, akamwambia mkewe kwamba imekufa.

Migdalia hakumlaumu. Alimuuliza tu atawaambiaje watu.

Thelathini aliwapelekea neno, mmoja mmoja, na wengi waliitikia kama mtu anayeambiwa mvua haitanyesha leo. Kwa Olga Lidia alikwenda mwenyewe kwa baiskeli, kilomita zote kumi na mbili, njia nzima akitunga namna ya kuanza. Alipofika, yote aliyoyatunga yakamtoka.

Olga Lidia alimtolea kiti uani, akamletea maji. Alikuwa na gamba la matope kwenye buti, ametoka kufunga ng'ombe.

"Dada, picha za Yaimara nimezipoteza," Evelio akasema. "Niliziweka kwenye diski ambayo nilijua ni mgonjwa. Nilijua, nikaziweka."

Kuku walipita kati yao.

"Zote?"

"Zote."

"Nilikwambia nitakuja."

"Uliniambia."

Hakupiga kelele. Aliingia ndani, akarudi na picha moja ndani ya fremu, ile ambayo Evelio mwenyewe aliichapisha miaka sita iliyopita: Yaimara amevaa gauni la njano chini ya ngazi za ukumbi wa mji, amefumba jicho moja kwa sababu ya jua. Pembe moja ilikuwa imeliwa na unyevu. Hiyo ndiyo iliyobaki, akasema, na haendi nayo mtu popote.

Evelio alitoa kamera mfukoni mwa begi. Aliiegemeza fremu ukutani penye kivuli, akapiga magoti kwenye vumbi huku akiguna, akaipiga picha ile picha, mara tano, akiukwepa mng'ao wa kioo. Olga Lidia alisimama nyuma yake akiangalia.

"Hajafanana na mwenyewe hapo," alisema baadaye. "Hakuwahi kufumba jicho hivyo. Zile nyingine alikuwa amefanana."

Evelio alirudisha kamera begini. Alimtumia binti picha hiyo kesho yake, umeme ulipokuja, na Yaimara akajibu kwa neno moja la shukrani.

Tangu hapo hatunzi picha ya mtu. Mteja akija anaambiwa alete flashi yake, anapewa zake siku hiyohiyo mbele ya macho yake, na Evelio anafuta. Mashine mpya haijawahi kumsumbua. Wiki ya kwanza ya utaratibu huo waliomjia walikuwa saba, na hakuna hata mmoja aliyetaka gauni wala ngazi za ukumbi. Walitaka picha ndogo za pasipoti, uso mbele, bila kutabasamu. Evelio alitundika shuka jeupe ukutani, akamwita wa kwanza akae, akamwomba anyooshe shingo.