Mke Wangu Alipotengewa Sahani

Siku ya kwanza kazini, katika zahanati moja upande wa Lusewa, Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, alinipa ufagio na funguo. Akaniambia, "Mgonjwa msalimie kwanza, ndipo umuulize anaumwa nini." Nilikuwa mhudumu wa afya mwenye elimu ya darasa la saba. Nilifagia, nikachemsha vyombo, nikapima watoto uzito.

Miaka mingi baadaye nilihamishiwa kituo cha afya upande wa Hanga. Mganga Mfawidhi wa huko, dada mmoja kutoka Kanda ya Ziwa, alianzisha tiba mtandao: daktari akiwa Songea mjini huzungumza na mgonjwa kupitia kishikwambi. Walioitwa kwanza ni wenye unene uliopitiliza, ambao nauli na magoti viliwazuia kwenda mjini. Mimi niliwapima uzito, nikawazungushia futi kiunoni, nikapima presha, kisha nikakisogeza kishikwambi dirishani, ambako mtandao ulishika.

Mke wangu, Mama Anjela, alikuwa mmoja wao. Mganga Mfawidhi aliniita pembeni akasema presha yake ikiendelea hivi atapooza. Daktari akamuuliza anakula ugali kiasi gani. Mke wangu akacheka.

"Daktari, kwetu tunazunguka sahani moja. Nani atanihesabia matonge?"

Akaagizwa apakue chake peke yake: nusu ya sahani mboga za majani, ugali kidogo.

Mchana huo mama yangu mzazi, tuliyekuwa tukiishi naye, aliiona sahani ile akainuka bila kula. Zamani aliyetengewa sahani alikuwa mwenye kifua kikuu, au aliyegombana na nyumba. Mke wangu akarudi kwenye sahani ya wote, na kliniki iliyofuata hakuja.

"Bora presha," aliniambia, "kuliko mama kuona namtenga."

Nikamwomba mama aje kituoni. Daktari akamwamkia shikamoo kutoka kwenye kishikwambi. Mama akaitikia, akaniuliza mbona kijana huyu hatoki humo tukamwona miguu. Kisha akamgeukia.

"Wewe ndiye unayemtoa mkamwana wangu kwenye chakula?"

Daktari hakubishana. Alimweleza taratibu jinsi presha inavyompoozesha mtu, akamaliza, "Bibi, nisaidie. Nataka uzeeke ukiwa naye."

Mama alifikiri. "Basi tule sote, kila mtu na sahani yake."

Tukala hivyo. Uzito wa mke wangu ulishuka polepole, mwezi mwingine ukapanda; presha ikatulia. Siwezi kusema kishikwambi kilimponya. Najua alilima shamba lake na kupanda kilima cha kanisani bila kupumzika njiani, hadi homa ya mapafu ilipomchukua mwaka jana.

Muda mfupi baadaye nilistaafu. Ninyi mnaoishika kazi hii sasa, mgonjwa wa unene mwiteni pamoja na anayekula naye.

Nyumbani tumebaki wawili, mimi na mama. Arobaini ilipopita, alipakua chakula kwenye sahani moja akaiweka kati yetu. Tulinawa, tukala. Nusu ya sahani ilikuwa mboga.