Nyuzi Nene za Gitaa Fupi

Uzi gani utakaa kwenye gitaa fupi la besi likishushwa sauti mbili nzima?

Afande aliniuliza hivyo mbele ya bendi yote. Alikuwa koplo mstaafu wa bendi ya jeshi, na bendi hii ya harusi ilikuwa mali yake, kuanzia spika hadi viti. Mwimbaji wetu alikuwa amezeeka, koo lake halikufika tena juu, kwa hiyo Afande aliamuru kila chombo kishuke. Wengine walishuka salama. Gitaa langu, ambalo nilichagua la shingo fupi kwa sababu vidole vyangu ni vifupi, lilishuka likalegea. Nyuzi ziligonga vyuma vya shingo zikakoroma.

"Sikieni msomi," alisema mpwa wake, aliyepiga besi siku nisizokuwepo. "Gitaa yake nalala."

Walicheka. Nilistahili kidogo. Wiki iliyotangulia nilimkuta Afande akichemsha nyuzi kuukuu kwenye sufuria, kama walivyofanya jeshini, ili ziamke. Nilimuuliza, watu wakisikia, kama ameongeza chumvi na nyanya. Kisha nikamwambia huo ni uchawi wa kambi. Aliendelea kukoroga.

Sasa akatoa amri: Jumamosi mimi na mpwa wake tupige wimbo uleule, abaki mmoja. Sikuwa na kitu kingine cha kufanya. Nilikuwa nimemaliza Chuo Kikuu cha Kyambogo na shahada ya fizikia ambayo hakuna aliyeiulizia. Nyumbani baba yangu, askari polisi, alinitambulisha kwa wageni kama mwalimu wa kuta.

Nilikokotoa kwenye daftari. Uzi ukiwa mfupi na sauti ikiwa chini, mkazo hupungua. Ili uurudishe, ongeza unene. Jibu lilikuwa rahisi mno hata nikajikasirikia. Nikateremka mjini, kwenye duka la vyombo vya muziki jirani na uchochoro wa maduka wa Kikuubo. Muuzaji, Mkenya, alipekua rafu zote.

"Dada, nene za shingo fupi sina. Kuna hizi za shingo ndefu. Zitabaki sana huko mwisho."

"Nitakata."

"Haya. Maelezo yako kwa karatasi, ndani."

"Najua kufunga nyuzi, kaka."

Jumamosi asubuhi, mazoezini, Afande alinipokea kwa upole ambao ungepaswa kunitisha. Alifungua pakiti mwenyewe, akakunjua karatasi, akaitazama muda mrefu kuliko nilivyodhani anaweza kusoma, akaikunja na kuitia mfukoni mwa shati. Nilifikiri anaokota taka. Akanipa koleo.

"Pima, kata, halafu funga. Sisi jeshini tunafanya hivyo."

Mimi niliyehoji hata sala ya chakula, hilo sikulihoji. Nilikata zote nne, nikazifunga, nikazikaza. Noti ya kwanza ilitoka nzito, imesimama wima. Mwimbaji mzee aligeuka kunitazama. Nilimtazama mpwa na kumwonea huruma. Bado nakumbuka jinsi huruma ile ilivyokuwa tamu.

Katika ubeti wa pili uzi mnene ulianza kuteleza. Waya wa nje, ule unaozungushwa juu ya kiini, ulikuwa ukifumuka taratibu kutoka pale nilipokata. Sauti ikafa, kama mtu anayepiga kamba ya kuanikia nguo. Nikakaza. Ukafumuka zaidi. Wa pili ukafuata. Mpiga ngoma aliacha fimbo zake ili acheke vizuri.

"Msomi," Afande aliniita, "ongeza chumvi na nyanya."

Mpwa alinyoosha mkono. Nilidhani anataka kunisaidia na gitaa. Alitaka kiti. Nilimpa, nikaondoka na gitaa langu, nyaya zikining'inia, na kicheko chao kikanifuata hadi getini, ambako askari wa zamu, aliyekuwa hajui lolote, naye alianza kucheka.

Mwaka huu, miaka mingi baadaye, nilinunua pakiti ya aina ileile na kwa mara ya kwanza nikasoma karatasi yake. Ina picha moja na mistari miwili: uzi huu ukunjwe kwanza kwenye kigingi cha kukazia, ndipo ukatwe; ukikatwa ukiwa umenyooka, waya wa nje hufumuka.